Mgongo wa Aliyeinua Mikono

Kamali Saidi hakumgusa mwanamke mteja hata siku moja. Alishonea wake kwa waume mjini Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka na Kongo, miaka thelathini na saba, akashona nguo za arusi na za Idi, kanzu za wazee wa msikitini, magauni ya batizo ya jirani zake Wakristo, na kwa miaka yote hiyo hakutokea mwanamke wa kusema kwamba kidole cha fundi Kamali kilimpita begani. Sheria hiyo alirithi kwa baba yake pamoja na cherehani. Mzee Saidi aliitamka hivi: mwanamke hupimwa na mwanamke, pazia likiwa katikati, na fundi hukaa nje na kalamu yake.

Nyuma ya pazia alikaa mkewe, Nasiba. Nasiba alikuwa na sauti ya chini, na kila mteja alimpima mara mbili. "Shusha mikono, maman," angesema, kisha angetaja hesabu, na Kamali nje angeandika. "Sasa inua mikono." Angetaja hesabu nyingine, na Kamali angeiandika pembeni. Ndiyo maana kila ukurasa wa daftari lile ulikuwa na safu mbili, moja iliyoandikwa Chini, na nyingine Juu.

Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Mzee Saidi. Mtu akisimama mikono ikining'inia, mgongo wake uko kama maisha yalivyouacha. Akiinua mikono, mbavu hupanda, mabega hurudi nyuma, uti wa mgongo hunyooka pale juu na kuingia ndani pale kiunoni, kifua kikarefuka na mgongo ukafupika. Mwili ni uleule, lakini mgongo umekuwa mwingine. Wasioamini, Mzee Saidi aliwapeleka wamtazame mtu mwenye kibyongo akinyanyua mikono kusema Allahu Akbar, wajionee kanzu inavyohama. "Mgongo wa aliyeinua mikono ni shahidi wa uongo," alimfundisha mwanawe. "Muulize habari za kwapa tu. Mengine, muulize akiwa ameshusha mikono."

Nasiba alifariki mwaka 2006. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Bujumbura, anapiga simu siku za Idi. Kamali akabaki na chumba cha kulala nyuma, chumba cha kazi mbele, na pazia ambalo nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kazi ya kushika tepu aliichukua jirani yake Mukandayisenga, mwanamke wa Nyakarenzo aliyeuza maharage na chumvi kwenye mlango wa pili. Alikuwa mtu mwema, na hakujua kunong'ona. Akimpima mtu, mtaa mzima ulipata habari.

"Kiuno mia na kumi na mbili!" angepaza sauti nyuma ya pazia. "Andika, Fundi! Na uache kitambaa cha ziada, huyu bado anakula!"

"Mukandayisenga, punguza sauti."

"Nipunguze sauti, au yeye apunguze ugali?"

Wateja walicheka, hata waliopimwa. Kamali hakucheka. Jioni alifunga mlango, akala kilichobaki mchana, akasikiliza redio mpaka watangazaji walipoaga.

Nzigire aliingia katika maisha yake kwa sababu ya kamba. Alikuwa mjane wa kabila la Bashi kutoka Bukavu, ng'ambo ya Kongo, mwenye miaka hamsini hivi, akivuka daraja la Rusizi siku za soko na mzigo wa unga wa muhogo mgongoni. Wanawake wa Kamembe hubeba kichwani, na shingo zao hubaki zimesimama. Nzigire alibeba kama mama yake alivyobeba: gunia mgongoni, kamba ya turubai ikilizunguka na kupita kwenye paji la uso, kichwa kikivuta na mwili ukiinama mbele. Alikuwa amebeba hivyo tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Hata baada ya kuutua mzigo aliendelea kuinama, kana kwamba gunia lilikuwa limekwenda dakika moja na lilikuwa njiani kurudi.

"Papa fundi," alisema mlangoni siku hiyo ya kwanza, ameshika kamba iliyokatika. "Hii kintu inanikata kichwa. Unaweza kuishona, ao unashoneaka mabibi arusi tu?"

"Weka hapa, maman. Kaa."

Akakaa kwenye benchi. Mgongo wake uligusa ukuta mahali pamoja tu, pale juu ulipopinda. Kamali aliishona kamba kwa uzi wa viatu, kisha, bila kuombwa, akaipanua sehemu ya paji la uso na kuijaza vipande vya kitambaa laini vilivyobaki kwenye kanzu.

Nzigire aliivaa papo hapo, akaivuta kwa mikono miwili kuijaribu. "Mungu wangu! Hii ni mto wa kulalia. Sasa nitabeba mara mbili."

"Usibebe mara mbili."

"Batoto bananitumaka mimi, Papa, habakutumi wewe."

Wiki iliyofuata alipita kusalimia. Iliyofuata tena, alikaa. Kamali alinunua kikombe cha pili. Jambo hilo ni dogo, lakini mtu aliyeishi miaka mitatu na kikombe kimoja anajua uzito wake. Siku za soko, unga ukishauzwa, Nzigire alikuja akanywa chai yenye tangawizi, akasimulia ya darajani: askari aliyemwita mama yake, mwenzake aliyedondosha samaki mtoni, mvua iliyolowesha unga nusu gunia. Kamali alishona akisikiliza. Wakati mwingine alishona mshono aliokwisha kuushona, ili asisimame.

"Unaishi peke yako kweli?" Nzigire alimwuliza siku moja.

"Niko na cherehani."

"Cherehani haijibu."

"Inajibu. Ikikosa mafuta inapiga kelele."

"Basi ni kama bibi wa ndoa," alisema Nzigire, na wote wawili wakacheka, na kicheko kikavuka ukuta.

Mukandayisenga alikuwa na masikio. Nzigire alipoondoka, alitokeza kichwa mlangoni. "Fundi! Huyu mama wa Bukavu, anakuja kushonewa au kushona?"

"Anakunywa chai."

"Mimi niko hapa miaka kumi na minne, sijawahi kuona chai yako!"

Alisema kwa utani, wala hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Lakini Kamali aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoanza kumharibia. Hakuwa akifanya kosa lolote. Dini yake ilimruhusu kumwoa mwanamke Mkristo, naye alikuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba atamwambia Nzigire neno hilo, kwa heshima, mbele ya watu wake. Mtu mwenye nia safi hana la kuficha kwa jirani. Kamali alianza kuificha nia safi kana kwamba ilikuwa mali ya wizi, akawa anageuza benchi ili lisionekane kutoka mlango wa pili.

Mwezi wa sita mwaka 2009 Nzigire alikuja na kitenge cha rangi ya bluu, kipya, kimekunjwa ndani ya mfuko.

"Nsimire wangu anaolewa," alisema. "Mwezi ujao, parokiani kwetu. Mimi njo mama wa bibi arusi. Nitatembea katikati ya kanisa, bantu bote banaangalia." Akakilaza kitenge mezani, akakipapasa. "Papa Kamali, nataka gauni moja refu. Nishonee gauni ya kunificha huu mgongo. Siku moja tu. Kesho yake nitaubeba tena."

Kamali akajibu kwamba linawezekana, na kweli liliwezekana. Fundi anayejua kazi anaweza kumsitiri aliyepinda. Huongeza vidole vinne nyuma, hupunguza vitatu mbele, huweka mikunjo kuanzia mabegani ili kitambaa kianguke bila kushika nundu. Kamali alikuwa amewashonea hivyo wazee wasiopungua ishirini, na hakuna aliyechekwa.

"Baada ya arusi nina neno la kukuambia," aliongeza.

Nzigire alimtazama kwa upande, kama alivyotazama watu wote, maana kuinua kichwa kulimwumiza. "Neno la chai, ao neno la kweli?"

"La kweli."

"Basi nishonee vizuri," alisema, "nije kulisikia nikiwa nimevaa."

Siku ya kupima ikafika. Mukandayisenga alikuwa mlangoni kwake akichambua maharage, hana mteja, hatua sita tu kutoka hapo. Ilikuwa ni kumwita. Kamali akafikiri sauti ile ikitangaza mtaani mgongo wa Nzigire. Akafikiri utani utakaofuata. Akafikiri, na hili ndilo lililokuwa chini kabisa, kwamba dakika zile alizitaka ziwe zake. Hakumwita.

Lakini kugusa hakugusa. Alimpa Nzigire tepu ajishikie mwenyewe.

"Shika huu mwanzo wake," alisema, akisimama mbali kwa urefu wa mkono. "Uweke nyuma, kwenye ule mfupa wa chini ya shingo. Mimi nitavuta huku chini."

Nzigire akapeleka mikono yote miwili nyuma ya shingo, viwiko vikaelekea juu. Na mgongo wake ukainuka.

Haukuwa mnyoofu kama wa msichana, lakini ulinyooka kuliko Kamali alivyowahi kuuona. Mabega yalirudi nyuma, kifua kikapanda, kiuno kikaingia ndani, na uso uliokuwa ukitazama sakafu siku zote ukatazama mbele. Alikuwa mrefu. Hakuna aliyemjulisha Kamali kwamba Nzigire alikuwa mwanamke mrefu.

"Umeshika?" Nzigire aliuliza. "Mikono inachoka."

"Nimeshika."

Akaandika. Kisha akamwomba ashikilie tepu begani kwa ajili ya kipimo cha mbele, na kwa kuwa mkono mmoja ulibaki juu, mgongo nao ulibaki juu. Akaandika tena. Hesabu zote zilikuwa chini ya neno Juu. Safu ya kushoto, ile ya Chini, ilikuwa tupu.

Fundi wa miaka thelathini na saba hawezi kusema kwamba hakuiona safu tupu. Aliiona. Sauti ya Nasiba ilikuwa karibu sana masikioni mwake: shusha mikono, maman. Ilibaki kutamka maneno matatu. Badala yake alijiambia kwamba siku ya arusi furaha itamnyoosha. Kwamba gauni zuri humfanya mtu asimame vizuri. Kwamba atamshonea mwanamke yule aliyemwona sasa hivi, ili naye ajione. Kisha akafunga daftari.

Watu huitaja sheria ya Mzee Saidi kama sheria ya mkono. Ilikuwa zaidi ya hapo. Kutomgusa mwanamke ulikuwa upande mmoja wake. Upande wa pili ulikuwa kwamba pawe na mwanamke mwingine, mwenye macho na mdomo, wa kuona kilicho mbele yake na kukitaja kilivyo. Kamali alishika upande wa kwanza kwa nguvu zake zote na kuuacha wa pili uanguke, akajihesabu mwadilifu.

Alikata, akashona siku tisa. Halikuwepo gauni zuri kama lile Kamembe mwaka huo. Nzigire alikuja kulichukua Ijumaa jioni, amechelewa, na mpaka ulikuwa ukifungwa saa kumi na mbili.

"Lijaribu kwanza," Kamali alisema.

"Nikijaribu nitalala upande huu, na bibi arusi atanikosa. Wewe si fundi? Ninakuamini." Akaliweka gauni juu ya mzigo wake, akaivuta kamba kwenye paji la uso, akaenda ameinama. Barabarani aligeuka. "Kesho ukuje, Papa Kamali. Usikose!"

Kesho yake Kamali alivaa kanzu yake ya Idi, akavuka daraja kwa miguu, akapanda mpaka parokiani. Hakuingia kanisani. Alisimama uani pamoja na madereva, karibu na ukuta, akingojea milango ifunguliwe.

Walitoka bibi arusi na bwana arusi, kisha wazazi. Nzigire alikuwa ameshusha mikono, anatembea kama alivyotembea siku zote. Nyuma, pindo lilikuwa limepanda mpaka katikati ya miguu, gaguro jeupe likichungulia. Ukosi ulikuwa ukimvuta shingo. Na mbele, kitambaa chote kilichokatwa kwa ajili ya kifua kilichoinuliwa kilikuwa kimejikusanya tumboni na kufura, na pindo likaburuta chini akalikanyaga.

Wanawake wawili walisimama mbele ya Kamali. Mmoja alimgusa mwenzake kiwiko.

"Angalia mama wa bibi arusi. Kumbe naye ana mimba?"

"Mjane yule? Ya nani?"

"Uliza ng'ambo. Banasema kila siku ya soko anakunywaka chai kule Kamembe."

Kicheko kikapita kutoka mtu hadi mtu. Nzigire alikisikia. Kamali aliona alivyokisikia, kwa sababu hatua yake ilikatika. Akashika pindo la nyuma kulivuta chini, na mbele kukafura zaidi.

Ndipo ngoma za kwaya zikaanza. Watu wakainua mikono, na Nzigire naye akainua. Gauni likaanguka mahali pake. Pindo likakaa sawa mbele na nyuma, tumbo likapotea, mikunjo ya mabegani ikateremka kama maji. Mtu mmoja akasema, "Ee! Kumbe ni gauni zuri!" Nzigire akajitazama. Alielewa mara moja. Wanaobeba mizigo huelewa upesi mambo ya mgongo.

Akaendelea kuinua mikono. Wimbo wa kwanza ukaisha, wengine wakashusha, yeye hakushusha. Wimbo wa pili, wa tatu. Alicheza akiwa ameinua mikono kutoka kanisani hadi kwenye ukumbi, watu wakapiga vigelegele wakisema furaha ya mama haina kipimo. Kamali alikuwa akifuata nyuma, kando ya njia, na aliona viganja vikitetemeka, kisha viwiko, kisha mabega. Mgongo ule uliopinda tangu utoto ulikuwa ukilazimishwa kusimama jinsi ulivyosimama dakika mbili tu mbele ya fundi. Machozi yalikuwa yakimtoka Nzigire, na watu walipigia vigelegele hata machozi.

Kwenye meza ya wazazi ilimbidi ale. Akashusha mikono. Dada yake akamfunga kitenge kingine kuanzia kifuani, wakala hivyo. Kamali hakuingia ukumbini. Alivuka daraja kurudi jua likiwa bado juu.

Siku ya soko Nzigire alikuja. Hakuketi. Gauni lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa.

"Papa Kamali," alisema, "hii si yangu."

"Kaa kwanza, maman. Nitalirekebisha. Kipimo nilikikosea mimi."

"Hukukosea. Wewe unajua kazi. Niliuliza bantu, banasema huyo mzee hajakoseaka." Akaliweka gauni mezani, juu ya daftari. "Hii gauni inanifaa nikiinua mikono tu, kama mwizi mbele ya polisi. Ulishonea nani?"

Kamali angeweza kusema uongo. Hakusema. "Nilimshonea yule niliyemwona uliposhika tepu."

"Yule si mimi," alisema Nzigire, bila ukali, na kukosa ukali kwake kulikuwa kubaya zaidi. "Yule alikwishaga kufa zamani sana, sababu ya mzigo. Mimi njo huyu. Nilikuomba unifiche mgongo. Sikukuomba uukatae."

"Nilikuwa na neno la kukuambia."

"Najua neno lako. Ningesema ndiyo." Aliivuta kamba kwenye paji la uso, ile aliyoshonewa naye. "Lakini nyumbani ningeshusha mikono, Papa Kamali. Kila siku ningeshusha mikono. Ungekuwa unatazama wapi?"

Akaondoka. Mukandayisenga, aliyesikia yote, alikuja akasimama mlangoni na vumbi la maharage mikononi.

"Ungeniita," alisema. "Nilikuwa hapo. Ningempima."

"Najua."

Nzigire aliendelea kuvuka daraja siku za soko, ila alipitia barabara ya juu, inayozunguka. Mara mbili Kamali alimwona kwa mbali, gunia na miguu miwili chini yake. Hakumfuata.

Tangu mwezi ule hakushona tena nguo za wanawake. Aliliteremsha pazia, akalikata vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Alishona kanzu na suruali za shule miaka minane zaidi, na alipofariki mwaka 2017, binti yake alikuja kutoka Bujumbura kufunga nyumba. Alikuta kwenye rafu vikombe viwili, kimoja kimechakaa, cha pili kipya. Ndani ya sanduku lilikuwamo gauni la bluu ambalo halikumfaa mtu yeyote, na daftari lenye ukurasa mmoja ambao safu yake ya kushoto ilikuwa tupu.

Kamali hakumwita jirani aliyekuwa hatua sita kutoka mlangoni pake, wala hakusema maneno matatu. Jambo hilo lilimgharimu mke, na miaka minane ya kunywa chai peke yake. Nzigire lilimgharimu siku moja, na alikuwa ameomba siku moja tu.